Muuguzi na wagonjwa wa dharura katika Maniema

Uuguzi wa dharura ni masomo ya juu anayopewa muuguzi mwenye diploma na uzoefu, ili ampokee mgonjwa aliye hatarini, atambue shida yake na kuanza kumtibu kabla daktari hajafika. Kwetu Kongo tunazijua ngazi za A2, A1 na A0. Zote hugusa dharura, lakini fani hiyo inahitaji muda wake.

Katika Maniema kituo cha afya huongozwa na muuguzi. Mama anayetokwa damu baada ya kuzaa, kule Kibombo au Pangi, husafirishwa kwa pikipiki au mtumbwi. Damu hiyo yaweza kumuua kwa saa chache tu, hata kabla hajafika Kindu. Uhai wake umo mikononi mwa muuguzi wa kwanza.

Jimbo letu lina historia katika jambo hili. Miaka ya 1970, Mradi wa Kasongo, uliosaidiwa na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, uliwakabidhi wauguzi vituo vya afya pamoja na miongozo ya matibabu iliyoandikwa. Wagonjwa wazito walitumwa hospitalini.

Jirani zetu wa Uganda waliendelea mbele. Katika hospitali ya Karoli Lwanga, Nyakibale, wilaya ya Rukungiri, wauguzi walisoma dharura kwa miaka 2, kisha wakaendesha wodi ya dharura. Baadaye mafunzo hayo yaliingia Chuo Kikuu cha Mbarara.

Kwa asiyeweza kuacha kituo miaka 2, kuna mafunzo mafupi ya siku 5 yaliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Ulimwenguni pamoja na Msalaba Mwekundu. Humzoeza muuguzi kufuata mpangilio mmoja: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mwili wote.

Makanisa yetu yana hospitali na shule za uuguzi. Tukimtuma muuguzi kusoma, tumlipe mwenzake anayebaki kazini, na tukubaliane mapema kwamba atarudi. Tutafute pia oksijeni, dawa na damu salama, maana bila hivyo elimu hubaki daftarini. Msamaria wa Luka 10 alifunga majeraha palepale njiani, ndipo akampeleka mtu yule kwenye nyumba ya wageni. Wauguzi wetu wanahitaji uwezo huo huo.