Chombo Kilichoshiba Moshi: Maziwa ya Ngamia Yalivyofika Ifo

Aliyezoea maziwa ya dukani akionja suusac, maziwa ya ngamia yaliyochachushwa, mara ya kwanza hukunja uso. Moshi humpokea kwanza, mkavu na mkali, kisha uchachu ukamkamata kandokando ya ulimi. Akishameza, harufu ya mti hubaki kooni kwa muda. Maziwa yenyewe ni mepesi. Protini inayoshikanisha mgando ni haba katika maziwa ya ngamia, kwa hiyo hayagandi kama mtindi wa ng'ombe, na anayetafuta kijiko atakitafuta bure.

Ifo ni kambi kongwe kuliko zote za wakimbizi za Dadaab, katika kaunti ya Garissa nchini Kenya, lakini kinywaji hiki kilikuwapo kwenye nyika hizo zamani sana kabla ya hema la kwanza. Wafugaji wa Kisomali wamekilea vizazi kwa vizazi. Na kinachoitofautisha suusac ya nyumba hii na ya nyumba ile mara nyingi si ngamia wala malisho. Ni chombo.

Chombo cha asili ni dhiil, kinachosukwa na wanawake kwa nyuzi za mizizi na magome, zikabanwa hata maziwa yasipate pa kupenya. Kifuniko chake ndicho kikombe. Chombo kikubwa zaidi, haan, hufungwa ubavuni mwa ngamia wakati wa kuhama. Kukamua ngamia ni kazi ya wanaume na vijana: mkamuaji husimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja juu ya goti, chombo kimetulia pajani. Maziwa yakishafika nyumbani, amri ni ya mama.

Yeye ndiye anayefukiza. Vijiti vya mgunga au mjunju, au mzeituni-mwitu unapopatikana, huchomwa mpaka vishike makaa, vikatumbukizwa ndani ya chombo. Kifuniko hurudishwa, chombo kikatikiswa, moshi ukazunguka humo hadi kuta ziwe nyeusi. Kisha makaa hukung'utwa, majivu yakasuguliwa kwa brashi ya nyuzi, na maziwa mabichi yakamiminwa. Katika nchi ambako maji ya kuoshea vyombo ni anasa, moshi unafanya kazi ya sabuni: unapunguza vijidudu, unaziba vitundu vya msuko, unatia ladha. Baada ya siku moja au mbili, suusac iko tayari. Hakuna anayetia kichachushio. Kimo tayari, kimejibanza kwenye kuta za chombo tangu maziwa ya jana.

Mwaka 2005 watafiti Lore, Mbugua na Wangoh walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa suusac ya Kenya. Walikuta humo bakteria kadhaa wanaotengeneza asidi ya laktiki, pamoja na hamira. Akina mama hawakuwa na majina ya vijidudu hivyo, ila walijua namna ya kuvitunza.

Ujanja wa kuchoma chombo ili kinywaji kinone si wa Wasomali peke yao. Wakalenjin husugua vibuyu vyao vya mursik kwa makaa ya mti wa senetwet. Huko Marekani, sheria inadai wiski ya bourbon ikae kwenye mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Yakishatumika, wenye wiski hiyo hawawezi kuyarudia, hivyo huyauza. Miaka ya 1990 kiwanda cha Goose Island cha Chicago kilianza kulaza bia nzito nyeusi katika mapipa hayo, na waonjaji wakasifu ladha ya mti na moshi. Ifo ni mahali pa Waislamu, bia hiyo haina mteja. Ila mama mwenye dhiil hangehitaji kuelezwa mara mbili kwa nini pipa huunguzwa.

Januari 1991 serikali ya Siad Barre wa Somalia ilianguka Mogadishu, na mwaka huohuo Ifo ikafunguliwa kuwapokea waliokimbia. Dagahaley na Hagadera zikafuata. Kambi hizo tatu zilipangiwa watu 90,000. Kufikia ukame na njaa ya 2011, Dadaab ilikuwa na zaidi ya watu 460,000, wakiwamo wafugaji waliopoteza mifugo njiani au kabla ya safari. Mgao wa chakula ulikuwa nafaka, kunde, mafuta na chumvi. Maziwa ya ngamia hayakuwamo.

Mfugaji akawa mnunuzi, tena ananunua kile alichokuwa akiwakirimia wageni bure. Wauzaji walikuwa wenyeji wa Garissa, nao Wasomali, na biashara ya mifugo na maziwa ikawaunganisha. Utafiti wa 2010 ulikadiria kwamba kambi ziliwaingizia wenyeji faida ya takriban dola milioni 14 kwa mwaka.

Katika biashara hiyo dhiil ilishindwa na dumu la plastiki la manjano, lile lililowahi kubeba mafuta ya kupikia. Dumu ni jepesi, ni rahisi, na likiwa tupu hurudi na gari. Kusuka dhiil moja ni kazi ya siku nyingi. Lakini moshi haukuachwa: ulihamia ndani ya dumu, ukatiwa kwa hadhari plastiki isilainike.

Kuni zenyewe zilikuwa na hatari zake. Miti ilipokwisha karibu na kambi, wanawake walilazimika kwenda mbali porini, na wengi walivamiwa na kubakwa. Mwaka 1998 ukaanzishwa mradi wa kugawa kuni ili kupunguza safari hizo. Kuni za mgao zilikuwa za kupikia chakula. Lakini moshi wa maziwa huchagua mti wake.

Wakaguzi wa maziwa hawalipendi dumu, na wana haki: mdomo ni mwembamba, ndani hapasuguliki. Wanataka mikebe ya alumini yenye mdomo mpana, ambayo mchuuzi huiona ghali na nzito. Isiolo, akina mama wa ushirika wa Anolei wana vifaa vya kupozea. Nanyuki, kampuni ya Vital Camel Milk ilianza kuuza maziwa ya ngamia yaliyopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu. Mwenye jokofu anaweza kuusamehe moshi. Maziwa yanayoingia Ifo adhuhuri, joto likiwa limepita nyuzi 35, hayajapita kwenye jokofu lolote.