Mji wa Arusha na Maji ya Mlima Meru

Leo nataka kuwasimulia habari za mji wa Arusha, ulio chini ya mlima Meru, kaskazini ya Tanzania. Wengi waujua kwa mnara wake wa saa, kwa hoteli zake, na kwa wageni wapitao kwenda kutazama wanyama wa Serengeti na Ngorongoro. Mimi nitauliza swali moja tu: kwa nini mji huu ukawa hapo, wala si mahali pengine? Jibu lake ni maji. Na ajuaye jinsi watu walivyoyagombea maji hayo na ardhi inyweshwayo nayo, huyo ndiye ajuaye historia ya Arusha.

Mlima Meru wapata urefu wa karibu futi 15,000. Ni mlima wa moto, na mwaka 1910 ulitoa majivu kwa mara ya mwisho. Mawingu yatokayo upande wa bahari huupiga mlima, yakamwaga mvua katika miteremko ya kusini na mashariki. Mvua ile huzama msituni, kisha maji hutokea tena chini kwa chemchemi na mito. Mito ya Naura, Goliondoi na Themi yapita ndani ya mji wenyewe. Lakini upande wa kaskazini mvua ni haba, na nchi ni kavu.

Wenyeji waliyafahamu hayo zamani sana. Wameru, ambao wazee wao husimulia kwamba asili yao ni upande wa Usambara, walikaa kusini-mashariki ya mlima. Waarusha, wasemao Kimasai, walitoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, wakahamia kusini-magharibi ya mlima katika miaka ya 1830. Nao ndio walioupa mji jina lake. Wote walichimba mifereji, wakayaleta maji katika migomba yao. Mfereji hauwi mali ya mtu mmoja. Kila mtu hupewa zamu yake ya kunywesha, na siku ya kuusafisha hapana budi wote watoke na majembe. Hiyo ilikuwa serikali kabla ya kuja serikali.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, walipiga hema zao Akeri katika nchi ya Wameru. Wakashambuliwa, wakauawa pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Wajerumani wa Moshi wakaja kulipiza kisasi: nyumba zikachomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakatwaliwa. Tarehe 2 Machi 1900 wakuu wengi walinyongwa huko Moshi, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Wakati huo huo boma likajengwa Arusha, na Waarusha wenyewe wakashurutishwa kulijenga. Karibu ya boma yakafuata maduka. Hivyo mji huu haukuanza kwa soko, bali kwa ngome.

Baada ya ngome ikaja habari ya ardhi. Wajerumani waliwagawia walowezi mashamba chini ya mlima, na baadhi yao walikuwa Makaburu waliotoka Afrika ya Kusini. Mashamba hayo yakauzunguka mlima kama pete. Juu yalikuwa msitu wa serikali, chini mashamba ya wageni, na katikati wenyeji walizidi kuongezeka, wala ng'ombe wao hawakuwa na njia nzuri ya kushuka malishoni. Mwaka 1916 Waingereza waliitwaa Arusha katika vita, lakini pete ile haikuvunjwa. Mwaka 1929 gari la moshi lilifika kutoka Moshi, na kahawa ikapata njia ya kwenda baharini. Mji ukastawi, na wanakijiji wakabanana.

Mwaka 1951 jambo hilo lilifikia ukomo. Serikali iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili nchi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zao zikatiwa moto. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha zao, wakamtuma mwenzao Kirilo Japhet mpaka New York, naye mwaka 1952 akasema mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa nchi yao kwa safari ile. Lakini Tanganyika nzima ilisikia ya kwamba mkulima wa mlimani aweza kusimama mbele ya mataifa akadai haki yake kwa maneno.

Tangu hapo Arusha imekuwa mahali pa kusemea mambo makubwa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa. Mwaka 1999 mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika ya Mashariki ulitiwa sahihi hapo, na makao yake yakawekwa hapo. Toka mwaka 1995 mpaka 2015 mji huu ulikuwa na mahakama ya kimataifa iliyowahukumu walioshtakiwa kwa mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994. Na boma lile la Wajerumani ni nyumba ya makumbusho, ambamo wanafunzi huingia bila hofu.

Mji una hospitali, vyuo, masoko na barabara za lami. Hata hivyo, swali la kwanza li pale pale. Watu wamekuwa wengi, na nyumba zimepanda mpaka kando ya mito. Tena maji mengi ya Meru yana floraidi iliyoyeyuka kutoka katika mawe ya mlima wa moto. Ikizidi, huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia, na hata mifupa huweza kupindika. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wamefanya kazi ya kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nao huishika floraidi ile. Ni dawa itokayo zizini.

Basi mtu wa mjini akifungua bomba, na akumbuke kwamba maji yale yamepita msituni kwanza, kisha mashambani mwa watu, ndipo yakamfikia. Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mji ukiuacha msitu ukatwe na mito itiwe taka, utakuwa umemtukana mkunga wake. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu mfereji wa kijiji ulichimbwa na nani, na zamu zake zilipangwaje. Yaandikeni majibu yao, maana vitabu havijayaandika yote.