Sukuma: Upande wa dunia uliogeuka jina la kabila

Ukifika stendi ya Bariadi asubuhi, neno moja litakufikia masikioni kwa maana mbili kabla hujapata hata kikombe cha chai. Vijana wa mikokoteni wanaopakia magunia ya mpunga na choroko wanahimizana, "Sukuma! Sukuma!" Hatua chache kutoka hapo, wazee wawili wanasalimiana, "Mwangaluka," na ukiuliza ni lugha gani hiyo, utaambiwa ni Kisukuma. Msukuma mkokoteni na Msukuma wa Bariadi wanaandikwa kwa herufi zilezile, lakini majina yao hayakutoka chimbuko moja.

Watu wengi, hasa waliokulia mbali na Kanda ya Ziwa, wanaamini kwamba Wasukuma waliitwa hivyo kwa sababu kuna kitu walikisukuma. Wapo wanaosema ni makundi ya ng'ombe, na wapo wanaosema ni makabila mengine yaliyosukumwa ili ardhi ipatikane. Simulizi hizo zinanoga, ila si historia. Katika Kinyamwezi na Kisukuma, sukuma ni kaskazini. Basukuma, ambao Kiswahili kinawaita Wasukuma, ni watu wa kaskazini, basi.

Pande nne za dunia

Lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu sana, na pande zake nne zinafahamika: sukuma ni kaskazini, dakama ni kusini, kiiya ni mashariki na ng'weli ni magharibi. Kila upande umewahi kutumika kuwataja watu wanaoishi huko. Wanyamwezi wa Tabora waliwaita jirani zao wa juu Basukuma. Wasukuma nao waliwaita Wanyamwezi Badakama, yaani watu wa kusini. Jina lilitegemea mahali aliposimama msemaji, na maana yake ilibadilika kadiri alivyosogea.

Kwa hiyo hapo zamani mtu hakuwa na sababu ya kujitambulisha kwa upande wa dunia. Nyumbani kwake ndipo katikati, na kaskazini ni kwa wengine. Alijitambulisha kwa utemi wake, yaani nchi ya mtawala wake. Katika eneo ambalo leo ni wilaya za Bariadi na Itilima kulikuwa na Ntuzu, Dutwa, Itilima na Kanadi, na kila utemi ulikuwa na ntemi wake, mipaka yake na masimulizi yake ya asili. Hadi leo wenyeji wa Bariadi wanaitwa Wanyantuzu, na mzee wa huko akiulizwa kwao ni wapi, Ntuzu huja mdomoni kabla ya Usukuma.

Jina lilivyosafiri na misafara

Ilikuwaje basi jina la jirani likayafunika majina ya wenyewe? Jibu liko kwenye njia ya misafara. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kufuata pembe za ndovu ilipita Unyanyembe, pale Tabora ya leo, ambapo njia ziligawanyika: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikapanda kuelekea Karagwe na ziwani. Mtu wa pwani aliyetaka kwenda juu aliwauliza Wanyamwezi, na walimjibu kwa lugha yao kwamba huko ni sukuma. Kiswahili kikalichukua neno hilo, kikaliongezea kiambishi cha nchi, na Usukuma ikazaliwa kama jina la mahali.

Wazungu walilipokea jina hilo likiwa tayari limeshaiva. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Kazeh, jina lililotumika wakati ule kwa sehemu ya Tabora, Julai 1858 na kuliona ziwa karibu na Mwanza mwanzoni mwa Agosti. Miongoni mwa aliofuatana nao alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, mzaliwa wa Uyao aliyechukuliwa utumwani akiwa mdogo. Msafara huo ulitoka kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo uliiona nchi kwa macho ya mtu wa kusini. Yaliyoandikwa na Speke na waliomfuata yakaingia kwenye ramani za London na Berlin.

Mwaka 1875 mpelelezi mwingine, Henry Morton Stanley, aliivuka nchi hii akielekea ziwani. Mto Simiyu aliuandika Shimeeyu, kama sikio lake lilivyousikia, akauhesabu kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Dai hilo halikudumu, lakini mto umedumu, na mwaka 2012 jina lake likapewa mkoa mpya. Mkoa huo uliundwa kwa kumega Shinyanga, iliyotoa Bariadi, Maswa na Meatu, na Mwanza, iliyotoa eneo la Magu lililogeuka Wilaya ya Busega. Itilima ilizaliwa kutoka Bariadi, na kwa njia hiyo jina la utemi wa zamani likarudi kwenye ramani likiwa jina la wilaya.

Serikali na mizani ya pamba

Wajerumani waliyatawala maeneo haya kutoka Mwanza. Waingereza waliokuja baada yao walitaka kutawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1926 ya mamlaka za wenyeji iliwaweka watemi ndani ya mfumo wa serikali. Utawala wa namna hiyo unapenda majedwali: kila mtu na kabila lake, kila kabila na eneo lake. Neno lililoonyesha upande likapata safu yake kwenye daftari la kodi.

Hatua kubwa ilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1947, sambamba na mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, tawala takriban 50 za kitemi ziliunganishwa katika shirikisho lenye makao yake Malya, ambako leo kuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Watemi ambao mababu zao walikuwa majirani, na mara nyingine wapinzani, waliketi kwenye baraza moja chini ya jina moja. Lilikuwa jina ambalo babu wa Ntuzu asingelichagua kuwa lake.

Pamba ikamaliza kazi. Mkulima wa Bariadi na mkulima wa Kwimba walikuwa na kilio kimoja: mizani ya wanunuzi iliyowapunja. Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaunda muungano mkubwa uliojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions. Mbele ya mizani haikuwa na maana tena kuulizana nani ni wa utemi wa Ntuzu na nani ni wa utemi wa Nera. Wote walikuwa wakulima wa pamba wa Usukuma, na umoja huo ukawapa nguvu ya kweli sokoni na baadaye katika siasa za kudai uhuru.

Sensa ya mwaka 1957 iliwahesabu Wasukuma kuwa zaidi ya milioni 1, kabila kubwa kuliko yote Tanganyika. Mwaka 1963 serikali ya nchi huru ilifuta mamlaka ya machifu, na tawala zile ndogo zikapoteza ofisi zilizokuwa zikiyalinda majina yao. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Lakini kufikia hapo jina lilikuwa limekwishakaa. Mjukuu wa Ntuzu alikuwa Msukuma, naye alijivunia.

Ki, gi na ji

Hata hivyo lugha haikusahau. Kisukuma chenyewe kina lahaja zinazotajwa na wataalamu kwa majina tofauti. Kule Mwanza, lahaja inaitwa Kimunasukuma. Bariadi wanasema Gimunantuzu. Kusini-mashariki, kuelekea Shinyanga, ni Jimunakiiya. Tazama herufi za mwanzo: ki, gi, ji. Ni kiambishi kilekile tunachokiona kwenye Kiswahili, Kihaya au Kichaga, lakini kila eneo linakitamka kivyake, na ukimsikiliza mtu kwa makini utajua alikozaliwa kabla hajakutajia kijiji chake.

Tazama pia kinachofuata baada ya kiambishi hicho. Lahaja ya kwanza inabeba upande wa kaskazini, ya tatu upande wa mashariki. Ya Bariadi haikufuata upande wowote. Imebeba jina la utemi. Ndani ya jina la lahaja hiyo, Ntuzu ingali inajitaja yenyewe.

Sukuma za kwingineko

Nje ya Usukuma, neno hili lina maisha mengine. Katika Kiswahili ni kitenzi cha kusogeza kitu kwa nguvu, na kina watoto wengi: msukumo, kusukumana, kusukumiwa lawama. Kenya ilikitumia kuita mboga ya majani ya bei nafuu sukumawiki, kwa kuwa ndiyo inayoifikisha familia mwisho wa wiki mfuko ukiwa mwepesi. Leo muuza mboga wa Nairobi husema sukuma tu, na mteja hafikirii kusukuma chochote. Ukienda Afrika Kusini, Mzulu akikuambia "Sukuma!" anataka usimame.

Anayeifahamu lugha moja tu kati ya hizi atadhani nyingine zimekosea. Hakuna iliyokosea. Lugha za Kibantu zinachangia sauti chache na mashina mengi mafupi, kwa hiyo maneno kufanana ni jambo la kawaida. Kisukuma kina toni, sauti inayopanda na kushuka na kubadili maana, wakati maandishi yetu ya kila siku hayaionyeshi. Ndiyo maana kukisia asili ya neno kwa kuangalia herufi zake peke yake ni njia ya haraka ya kupotea.

Wala Wasukuma si wa kwanza kubeba upande wa dunia kama jina. Wanormani wa Ufaransa waliitwa watu wa kaskazini na majirani waliowaona wakija kwa majahazi kutoka Skandinavia, na mkoa wa Normandy unabeba jina hilo mpaka sasa. Waarabu wanaiita Moroko al-Maghrib, yaani machweo, neno lilelile lililotupa magharibi. Hata kaskazini yetu ya Kiswahili ilitoka kwa upepo: kaskazi ndio uliowaleta mabaharia kutoka Arabuni na India, na kusi ndio uliowarudisha. Watu wa pwani waliita pande kwa pepo zao, watu wa bara kwa njia zao wenyewe.

Watu wa kaskazini walioko kusini

Katika miongo ya karibuni, wafugaji na wakulima wa Kisukuma wamehama na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba: Katavi, Rukwa, bonde la Usangu, Kilombero, hadi Lindi. Mtoto aliyezaliwa Kilombero kwa wazazi kutoka Bariadi ni Msukuma, na Tabora iko kaskazini-magharibi mwake. Neno halielekezi tena popote. Limekuwa ukoo, lugha, ngoma na namna ya kusalimiana.

Hakuna ubaya katika hilo. Watu wana haki ya kulifanya jina walilopewa kuwa lao, na Wasukuma wamelifanya hivyo kwa heshima. Ubaya ni kuacha majina yaliyokuwapo kabla yake yapotee, na kuruhusu dhihaka ya "watu wa kusukuma" ichukue nafasi ya historia. Ntuzu, Dutwa, Itilima na Kanadi zilikuwa nchi zenye watawala, sheria na mashujaa. Leo Dutwa ni kata, Itilima ni wilaya, lakini masimulizi ya tawala hizo yanabaki kwa wazee wanaopungua kila mwaka.

Shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Walimu wa Simiyu wanaweza kuanza na swali rahisi: utemi wa kijiji chenu uliitwaje, na ntemi wake wa mwisho alikuwa nani? Wanafunzi walipeleke swali hilo kwa bibi na babu, waandike majibu, na shule iyatunze. Halmashauri zinaweza kuyaweka majina hayo kwenye mabango ya barabara na kwenye maktaba zake. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, inahitaji kuanza sasa, wazee wakiwa hai. Nawe msomaji, ukimsikia mtu anasema Wasukuma waliitwa hivyo kwa kusukuma ng'ombe, mweleze ukweli: ni watu wa kaskazini, na kabla ya kuitwa hivyo na jirani, kila mmoja wao alikuwa na kwao.