Deni la Msomi wa Mlimani



Kila mwaka majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo yanapotoka, tunawasikia wazazi wakiulizana: je, mkopo atapata? Swali hilo lina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitendeka pale Mlimani, Dar es Salaam.

Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Kilihamia kilimani mwaka 1964. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa mfano ambao wazee wetu wanaukumbuka: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, amekisaliti kijiji.

Wanafunzi waliusikia mfano huo kwa shingo upande. Serikali ilipowataka wahitimu walitumikie Taifa kwa takriban miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara, waliandamana hadi Ikulu, tarehe 22 Oktoba 1966. Bango moja lilidai afadhali ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akawarudisha makwao karibu 400, kisha akapunguza mshahara wake mwenyewe na wa viongozi wa juu. Hilo la pili husahauliwa, nasi twaliona kuwa ndilo zito zaidi. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa mwaka 1967.

Hali ya chuo ikageuka. Walter Rodney wa Guyana alikuwa akifundisha historia, na Yoweri Museveni alikuwa mwanafunzi. Mwaka 1968 kundi lao la wanafunzi wa mrengo wa kushoto liliizuia siku ambayo wenzao walizoea kuvaa matambara na kuzunguka mjini wakichangisha fedha za maskini. Waliona kuwa ni kumdhihaki maskini kwa kuigiza umaskini wake. Hata sisi tunaochangisha kila Jumapili twaweza kulitafakari hilo.

Azimio la Musoma la 1974 likaagiza vijana wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Kisha, Machi 1978, wanafunzi waliandamana tena, safari hii wakipinga nyongeza za marupurupu ya wabunge na mawaziri. Mwaka 1966 walitetea mishahara yao. Sasa walitetea hazina ya wote, tena kwa hoja walizofundishwa na Azimio la Arusha lenyewe. Hata hivyo walipigwa na kufukuzwa kwa mamia.

Mei 1990 chuo kilifungwa kwa sababu ya migomo, kikafunguliwa mwanzoni mwa 1991. Katika miaka hiyo ya 90 uchangiaji gharama ukaingia. Kabla yake Serikali ililipia masomo, malazi na chakula, na bumu juu yake.

Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005. Tangu hapo deni la msomi limekuwa na tarakimu, namba ya akaunti na mdhamini. Mwaka 2016 sheria ilipandisha makato ya mshahara kutoka asilimia 8 hadi 15. Bodi ikishalipwa, humpa mhitimu cheti cha kumaliza deni. Kijiji cha Mwalimu hakikuwa na karani wa kuandika cheti cha namna hiyo.