Ngazi za Uluguru

Waluguru ni watu wa mlima kwa jina na kwa nasaba. Mtoto huhesabiwa kwa ukoo wa mamaye, na ardhi hufuata ukoo huo chini ya uangalizi wa mndewa, mkuu wa ukoo. Ndiyo maana anayegusa shamba la Mluguru hugusa kaburi la bibi yake.

Serikali ya Kiingereza ilipoutazama mlima huo, iliona udongo unaomomonyoka na mto Ruvu unaoteremka kuelekea pwani. Mwaka 1950 ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi, na wakulima wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Penye udongo mwembamba, jembe lilifukia rutuba na kuinua juu udongo usiozaa. Kazi ilikuwa nzito, mavuno haba, na watawala wa kienyeji waliokula mshahara wa serikali wakaonekana manyapara wake. Julai 1955 umma ulikusanyika Matombo; polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa mwaka huohuo, nacho chama cha TANU, kilichozaliwa 1954, kikapata masikio milimani.

Hata hivyo, kosa halikuwa la ngazi peke yake. Kule Mgeta, ambako matuta yalimwagiliwa maji na kuoteshwa mboga za kuuzwa mjini, watu waliyatunza kwa hiari yao.

Ikapita nusu karne. Dar es Salaam, ambayo sehemu kubwa ya maji yake hutoka Ruvu, ilikuwa imefurika watu. Katika miaka ya 2000, huko Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima na watumiaji wa maji wa jijini. Ngazi zikachimbwa tena, safari hii kwa mapatano na kwa malipo. Wahenga walikwisha sema: mkono mtupu haulambwi.

Msitu wa Uluguru ulitangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2008, na tangu Juni 2024 treni ya umeme imeisogeza Morogoro karibu na jiji. Wapangaji wataendelea kuchora ramani zinazouunganisha mlima na bahari. Matombo na Kibungo Juu zinawafundisha swali la kwanza kabla ya kushika kalamu: mlima huu ni wa nani, na je, amekwisha kuulizwa?