Karamu ya Zama za Kati: tuvae nini?

Kundi letu la washikaji huku New Jersey limekata shauri: mwisho wa mwezi tunakwenda Lyndhurst, kwenye lile jumba lililojengwa mfano wa ngome ya kale, tukale kuku kwa mikono huku tukiangalia wanaume waliovaa chuma wakigongana kwa mikuki juu ya farasi. Tuko tisa: Watanzania watano, Wakenya watatu na kaka mmoja wa Lubumbashi ambaye Kiswahili chake kinatuchekesha na chetu kinamchekesha yeye. Tikiti si tatizo, usafiri si tatizo. Tatizo ni nguo. Dada aliyetoa wazo hili ameweka sharti kwamba kila mtu aje amevaa kama mtu wa Zama za Kati, na tangu alitamke simu zetu hazijapumzika.

Mkenya mmoja ameuliza swali ambalo nadhani hata wewe msomaji ungeliuliza: "Sasa mimi nivae kama nani? Babu zangu hawakuwa na ngome wala deraya." Mwingine akamjibu, "Vaa kama mtumishi wa jikoni." Tulicheka, ila kicheko hakikudumu. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya. Hizo Zama za Kati tunazokwenda kuletewa mezani ni za nani hasa?

Tuanze na jumba lenyewe. Kampuni inaitwa Medieval Times, na mizizi yake iko Hispania, kwenye kisiwa cha Mallorca, ambako watalii walikuwa wakilishwa na kuburudishwa kwa mtindo huu kabla haujavuka bahari. Jumba la kwanza Marekani lilifunguliwa mwaka 1983 pale Kissimmee, Florida, jirani na Disney World, yaani mahali ambapo watu tayari wamekwenda na pesa za kutumia. Lilipofunguliwa la Scottsdale, Arizona, mwaka 2019, yakawa kumi, Marekani na Kanada kwa pamoja. Ukiingia unapewa taji la karatasi lenye rangi, na rangi hiyo ndiyo inayokuambia ukae wapi na umshangilie mpanda farasi yupi. Ziko pande sita. Kwa mtu aliyekulia kwenye Simba na Yanga, au Gor Mahia na AFC Leopards, hakuna haja ya maelezo zaidi. Farasi ni wa kweli, wa uzao wa Andalusia, na kampuni huwazalisha yenyewe kwenye shamba lake huko Sanger, Texas.

Chakula sasa. Uma na kisu hakuna, eti kwa sababu enzi zile havikuwepo. Kwetu sisi kula kwa mkono si onyesho, ni chakula cha mchana. Lakini pia si kweli kabisa. Uma ndio ulikuwa adimu Ulaya. Kisu kila mtu alikuwa nacho, mgeni alikuja nacho mwenyewe kiunoni, na vijiko vilikuwepo. Kitu walichokuwa nacho ambacho jumba la Lyndhurst halina ni adabu ya kunawa: mtumishi anapita na birika na beseni, anakumiminia maji mikononi kabla ya kula. Bibi yangu angewaelewa watu wale vizuri sana.

Halafu angalia sinia lenyewe: supu ya nyanya, viazi, hindi la kuchemsha. Nyanya, viazi mviringo na mahindi vyote vimetoka bara la Amerika, na hakuna mtu wa Ulaya aliyevionja kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Hadithi ya onyesho imewekwa Hispania ya karne ya 11. Kwa hiyo mtawala wa onyesho anakula chakula ambacho kingemfikia baada ya miaka mia nne na ushee. (Kabla hujamcheka Mzungu, kumbuka ugali wako wa sembe una umri uleule. Mtu wa Zama za Kati kwetu alikula mtama na uwele.)

Wengi wanadhani mchezo huu wa kujivika zama za kale ni wa Wamarekani na bustani zao za burudani. Hapana. Mwaka 1838, Malkia Victoria alipotawazwa London, serikali ilibana matumizi ikafuta karamu ya kale ya Westminster Hall pamoja na yule mpiganaji mwenye deraya aliyekuwa akiingia na farasi ukumbini kumtetea mfalme. Mara ya mwisho hilo kufanyika ilikuwa mwaka 1821. Makabaila walinung'unika. Kijana mmoja tajiri wa Uskoti, Archibald Montgomerie, Earl wa Eglinton, akasema basi nitafanya mimi. Vichwa vyao vilikuwa vimejaa riwaya za Walter Scott, hasa Ivanhoe. Wakanunua deraya kwa muuzaji wa vitu vya kale wa London, wakafanya mazoezi, na wengi walipoona uzito wa chuma na wa gharama wakajitoa kimyakimya.

Agosti 1839 wakakusanyika Eglinton. Watazamaji walioombwa waje na mavazi ya kale wakaja kwa maelfu. Wapo wanaokadiria kuwa walifika laki moja. Gharama inayotajwa ni paundi kama 40,000, fedha ya kutisha kwa wakati ule. Mvua ikanyesha. Si manyunyu, mvua. Msafara ukachelewa, jukwaa likavuja, hema la karamu likajaa maji, na bwana mmoja mkubwa, Marquess wa Londonderry, akafungua mwavuli juu ya deraya yake. Magazeti yalimshikilia kwa mwavuli ule kwa muda mrefu. Siku mbili baadaye jua likatoka wakarudia, na karamu ikaliwa, lakini watu walishachagua picha ya kukumbuka.

Ninaloliona mimi kwenye kisa cha Eglinton ni hili: nguo zile hazikuwa za karne ya 14. Zilikuwa za mwaka 1839. Zilivaliwa na watu waliokuwa wakiona viwanda, reli na wapiga kura wapya wakiwapunguzia ukubwa, wakakimbilia wakati ambapo kabaila alikuwa kabaila na kila mtu alijua pa kusimama. Tangu hapo mambo yameenda yakishuka bei. Mwaka 1963 Ayalandi walianza kuwalisha watalii karamu za kale ndani ya ngome ya Bunratty, karibu na uwanja wa ndege wa Shannon. Mwaka huohuo Los Angeles likaanza tamasha la mavazi ya kale ambalo lilizaa mamia mengine. Leo ndoto ya yule kijana wa Uskoti inauzwa kwa tikiti, na soda juu.

Na wanaoibeba ndoto hiyo ni waajiriwa. Julai 2022 waigizaji, wapanda farasi na watunza farasi wa hapa Lyndhurst walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi, AGVA, wakitaka malipo bora na usalama zaidi kazini. Kuanguka kutoka kwenye farasi mara kadhaa kwa wiki si maigizo. Wenzao wa Buena Park, California, walifuata Novemba mwaka ule, na Februari 2023 wakagoma. Tutakapokuwa tunamshangilia mtu wa rangi yetu, tukumbuke ana kodi ya nyumba.

Turudi kwenye swali la Mkenya wetu. Hispania ya karne ya 11, ile inayoigizwa, haikuwa ya Wakristo wenye mikuki peke yao. Sehemu kubwa ilikuwa Andalusia ya Waislamu, na miji yake ndiyo iliyokuwa na vitabu, bustani na maji ya bomba. Mwaka 1085 mfalme Alfonso wa Sita aliuchukua mji wa Toledo. Waislamu waliobaki wakapeleka salamu Afrika, na mwaka 1086 Yusuf bin Tashfin, mtawala wa Murabitun kutoka Moroko, akavuka mlango wa bahari na jeshi lake akampiga Alfonso vibaya kwenye vita vya Zallaqa. Waandishi wa kale wanataja ngoma kubwa zilizowatia hofu farasi wa Wakristo, na kikosi cha walinzi weusi wa Yusuf kilichoingia mwishoni. Watu wa Murabitun walivaa kilemba kilichofunika uso mpaka macho. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kenya, ukiingia Lyndhurst na kilemba cha namna hiyo utakuwa umevaa sahihi kuliko mtawala wao.

Na ukitaka deraya, ipo. Nenda kanisa kuu la Magdeburg, Ujerumani, utakuta sanamu ya Mtakatifu Maurice iliyochongwa katikati ya karne ya 13: Mwafrika mtupu kwa sura, amevaa vazi la pete za chuma toka kichwani. Wajerumani wa enzi hiyo hawakuona ajabu.

Lakini dada mwenye wazo ni mtu wa Lamu, na yeye alikuwa na lake. "Kwani kwetu wakati huo tulikuwa tumelala?" Hapana, dada, tulikuwa tunakula. Mwaka 1331 msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alishuka pwani yetu akaanzia Mogadishu, na alichokiandika ni karamu ya Zama za Kati ya kweli, pamoja na mavazi. Wali umepikwa kwa samli, uko kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Ndizi mbichi zimepikwa kwa maziwa. Pembeni maziwa mgando, ndimu za achari, pilipili ya siki na chumvi, tangawizi mbichi, maembe. (Pilipili hiyo si hii yetu kali ya leo, kwa sababu nayo imetoka Amerika.) Anasema mtu mmoja wa pale alikula chakula cha kundi zima la watu wa kwao. Sisi tisa tutakuwa tunalinda heshima ya pwani.

Ijumaa sheikh wa mji akamletea mgeni nguo: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni badala ya suruali, vazi la juu la kitani cha Misri lenye tarizi, joho lenye bitana la kitambaa cha Yerusalemu, na kilemba cha Misri. Baada ya sala sheikh alirudi nyumbani chini ya vivuli vinne vya hariri ya rangi, kila kimoja na ndege wa dhahabu juu, mbele yake ngoma, tarumbeta na zumari. Mji wenyewe ulifuma kitambaa kilichouzwa mpaka Misri. Hapo, jamani, mavazi yako wazi, hayahitaji kukodiwa. Shuka, kanzu, joho, kilemba. Kwa dada zetu Ibn Battuta hakutuachia maelezo kama hayo, ila pamba, hariri na shanga za kioo kutoka India zilikuwepo pwani. Kanga msije nazo: zilianza karne ya 19. Kanga ni nyanya ya kabatini.

Kaka wa Lubumbashi alifurahi akasema basi yeye ni sultani wa Kilwa. Nikamsimulia kisa cha sultani huyo, Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Ibn Battuta alikuwepo. Ijumaa moja sultani anatoka msikitini, maskini mmoja kutoka Yemen akamsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akampa. Watu wakasifu. Mwana wa sultani akazichukua zile nguo kwa yule maskini na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Simu zilinyamaza kidogo. Kisha dada wa Lamu akaandika: "Hao ishirini walivaa nini?" Nimetafuta. Ibn Battuta, ambaye kwa kilemba chake alikumbuka hadi tarizi, kwa wale ametaja idadi tu. Siku hizi kaka wa Lubumbashi hasemi tena kuhusu usultani; anasema atakuwa mfumaji wa Mogadishu, na ameshaanza kuuliza bei ya pamba nyeupe.

Mimi nimechagua kilemba cha Murabitun, kwa sababu za kihistoria na kwa sababu New Jersey kuna baridi. Waliobaki wana wiki mbili. Majambia ya babu yabaki nyumbani, mlangoni hawatatuelewa, na atakayekuja na suruali ya jinzi atajilipia soda mwenyewe.