Shaba Chini ya Mng'ao

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa bahari yalihusu gari la kale kama inavyolihusu jahazi. Bampa la gari la miaka ya 1950 humrudishia mtazamaji sura yake mithili ya kioo. Lakini mng'ao huo ni utando wa kromu ambao aghalabu haufikii unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Chini yake mna nikeli, chini ya nikeli mara nyingi mna shaba, na chini ya vyote mna chuma cha pua. Uzuri uonekanao umebebwa na madini yasiyoonekana.

Kromu yenyewe ilipatikana ndani ya madini mengine. Mkemia Mfaransa, Louis Nicolas Vauquelin, aliigundua mwaka 1797 katika mawe mekundu ya risasi yaliyotoka Siberia, na jina lake likatwaliwa katika neno la Kiyunani lenye maana ya rangi. Ikapita zaidi ya karne moja kabla ya viwanda, katika miaka ya 1920, kuanza kuitumia kwa wingi kupambia magari badala ya nikeli, ambayo ilififia na kudai kusuguliwa kila mara.

Tanganyika nayo ilikuwa na risasi yake. Huko Mpanda, mji ambao Kawajense ni mojawapo ya kata zake, na ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi iliyochanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Kwa ajili ya machimbo hayo ilijengwa reli kutoka Kaliua, yapata kilomita 210, ikakamilika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye machimbo yakafungwa, reli ikabaki. Mawe yaliteremka pwani yakiwa na vumbi, na magari yakapanda bara kutoka bandarini yakiwa yanang'aa. Betri ya gari haikuwa kitu bila risasi, wala bampa halikushika vyema mng'ao wake bila kile kilichofichwa chini. Lakini gari halikuandikwa popote jina la mchimbaji.

Siri hiyo ya chini hufichuka pale umri unapoingia. Kromu haili kutu, ila ina vitundu vidogo mno, na kupitia humo unyevu na chumvi ya bahari hukifikia chuma. Magari ya Marekani ya wakati wa vita vya Korea yalionja haya mapema: nikeli ilizuiwa kwa mahitaji ya kijeshi, kromu ikawekwa juu ya shaba pekee na kufunikwa kwa vanishi, nayo ikaharibika upesi.

Fundi mwenye subira huanza kwa upole. Madoa mepesi ya kutu huyasugua kwa karatasi laini ya alumini iliyoloweshwa maji, kisha huosha, hukausha na kupaka nta. Msasa mkali hauthubutu, kwani utando ukishachanika haurudi kwa kusugua. Pale penye mashimo hakuna njia ya mkato: kromu na nikeli ya kale huondolewa, chuma hunyooshwa na kulainishwa, shaba huwekwa tena, ndipo vyote vichovywe upya kwa umeme. Kazi hiyo si ya uani. Kromu ya birika za jadi ni sumu, na mvuke wake huleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo hata mng'ao mpya una mtu anayeulipia.

Swali huwa zito zaidi gari linapokuwa kumbukumbu ya taifa. Katika Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam limo gari la Rolls-Royce lililotumiwa na serikali ya kikoloni, kisha na Mwalimu Julius Nyerere. Gari kama hilo likichovywa upya lote, litapendeza, lakini alama za mikono ya tawala mbili zitakuwa zimefutwa. Ni bora kutu izuiwe, mikwaruzo iachwe, na kila kilichobadilishwa kiandikwe. Na katika maandishi hayo isisahauliwe safu ya chini: Mpanda, reli ya Kaliua, na wale walioitoa shaba gizani.